Heshima kama Daftari la Madeni: Mapenzi, Mauaji na Historia katika Prizzi's Honor

Utangulizi

Prizzi's Honor, filamu iliyoelekezwa na John Huston na kutolewa Marekani mwezi Juni 1985, ina kisa kinachoweza kuelezwa kwa maneno machache. Muuaji wa ukoo wa Mafia wa Brooklyn anampenda mwanamke ambaye, bila yeye kujua, naye ni muuaji wa kukodiwa. Wawili hao wanaoana, na mwishowe kila mmoja anajikuta hana budi kumwondoa mwenzake. Kisa cha namna hii kingeweza kuwa tanzia. Huston na waandishi wa mswada, Richard Condon na Janet Roach, waliamua kukifanya ramsa. Lakini ni ramsa ya kiza, ile ambayo ndani yake mauti hayazuii kicheko bali ndiyo yanayokizaa. Jumuiya ya wahakiki wa filamu wa New York iliiteua kuwa filamu bora ya mwaka 1985, na mwaka uliofuata Anjelica Huston, binti ya mwelekezi, alitunukiwa Oscar kwa kuigiza nafasi ya Maerose Prizzi.

Sifa hizo hazikulijibu swali ambalo filamu yenyewe inaliibua. Mtazamaji anapocheka, anacheka nini hasa? Je, anaicheka sheria inayomtaka mume amuue mkewe kwa ajili ya ukoo, au anacheka pamoja na wale wanaoitekeleza sheria hiyo? Swali hili si dogo. Ramsa inayohusu mauaji hubeba hatari ya kuyafanya mauaji kuwa jambo la kawaida, na mhakiki anayeisifu kwa ustadi wa fani peke yake huwa amekwepa nusu ya kazi yake.

Makala haya yanadai kwamba kicheko cha Prizzi's Honor kimeelekezwa kwenye dhana moja mahususi, nayo ni heshima. Filamu inaionyesha heshima ya ukoo wa kihalifu kuwa ni daftari la madeni: kila kosa lina bei, kila bei hudaiwa, na deni linaposhindikana kulipwa na jamaa hupelekwa kwa mgeni. Dai hili haliwezi kuthibitishwa kwa kuitazama filamu peke yake. Linahitaji historia: ya filamu za magenge nchini Marekani, ya sheria za heshima nchini Italia, ya kazi za Huston mwenyewe, na ya mahakama za New York katika miaka ambayo filamu hii ilionyeshwa.

Usuli: Kutoka Adhabu hadi Utukufu

Filamu za magenge nchini Marekani zilikomaa katika kipindi ambacho uuzaji wa pombe ulikuwa umepigwa marufuku, yaani kati ya mwaka 1920 na 1933. Little Caesar na The Public Enemy zilionyeshwa mwaka 1931, na Scarface ikafuata mwaka 1932. Zote tatu zina umbo linalofanana: kijana maskini anapanda ngazi ya uhalifu, anafika kileleni, kisha anaanguka na kufa. Umbo hili lilitokana kwa sehemu na masharti. Kanuni ya maadili ambayo kampuni za filamu zilijiwekea mwaka 1930, na ambayo ilianza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934, ilikataza uhalifu usionyeshwe kwa namna ya kumfanya mtazamaji aunge mkono mhalifu. Kwa hiyo muuaji hakuruhusiwa kuishi kwa raha hadi mwisho wa hadithi. Kanuni hiyo iliendelea kutumika, ingawa kwa nguvu zilizozidi kupungua, hadi mwaka 1968.

Katika mazingira hayo ramsa na mauaji ya magenge zilikutana mara chache, na zilipokutana kicheko kilikuwa cha wanaokimbia, si cha wanaoua. Mfano unaojulikana zaidi ni Some Like It Hot ya mwaka 1959, ambamo wanamuziki wawili wanashuhudia mauaji yaliyofinyangwa kutokana na tukio la kweli la Chicago la tarehe 14 Februari 1929, siku ambayo watu saba waliuawa kwa risasi ndani ya gereji. Wanamuziki hao wanajificha kwa kuvaa mavazi ya kike. Mtazamaji anawacheka wao na hofu yao. Wauaji wenyewe wanabaki nje ya mapenzi yanayosimuliwa.

The Godfather ya mwaka 1972, iliyotokana na riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969, iligeuza mambo. Ndani yake ukoo wa kihalifu ulipewa utukufu wa kifalme. Filamu inaanza kwa harusi, inaonyesha wajibu wa baba kwa wanawe na wa wana kwa baba yao, na inamalizika kwa mlango unaofungwa mbele ya mke asiyetakiwa kujua mambo ya mumewe. Kuna jambo moja la kihistoria ambalo linastahili kukumbukwa hapa. Kabla ya filamu hiyo kupigwa, watayarishaji walikubaliana na jumuiya iliyodai kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia, iliyoongozwa na Joseph Colombo, ambaye mwenyewe alikuwa mkuu wa mojawapo ya koo tano za kihalifu za New York. Makubaliano yalikuwa kwamba neno Mafia lisitamkwe katika filamu. Likaondolewa, na mahali pake yakabaki maneno ya nyumbani: familia, baba, heshima. Utukufu ule, kwa hiyo, ulikuwa pia suala la msamiati. Ramsa ya Huston iliingia hasa mahali hapo, ikayachukua maneno hayo ya nyumbani na kuyaweka kando ya kazi yanayoifunika.

Sicily na Bei ya Heshima

Lakini kabla ya Huston, walikuwapo Waitalia. Mwaka 1961 Pietro Germi alitoa Divorzio all'italiana, ramsa iliyowekwa katika kisiwa cha Sicily. Mwungwana mmoja, aliyeigizwa na Marcello Mastroianni, amechoka na mkewe na amempenda binamu yake mchanga. Wakati huo sheria ya Italia haikuruhusu talaka. Ruhusa ilikuja mwaka 1970. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, ilikuwa na kifungu cha 587 cha kanuni ya adhabu, ambacho kilimpa mume aliyemuua mkewe kwa hasira ya kumfumania kifungo cha miaka mitatu hadi saba tu. Mwungwana yule anapiga hesabu. Kumwacha mkewe hawezi, ila kumuua kwa bei nafuu anaweza, mradi kwanza ampatie mpenzi. Kuanzia hapo filamu nzima ni juhudi za mume kumtafutia mkewe mwanamume.

Germi hakubuni sheria ile. Aliisoma tu kwa sauti. Ndiyo maana ramsa yake ilikuwa na makali ambayo hotuba isingekuwa nayo. Ilionyesha kwamba heshima, ambayo watu waliitaja kana kwamba ni hisia ya rohoni isiyozuilika, ilikuwa imeandikwa katika kitabu cha sheria pamoja na bei yake kwa miaka. Kifungu cha 587 kilifutwa mwezi Agosti 1981, sambamba na kile kilichomwondolea adhabu mbakaji aliyekubali kumwoa aliyembaka. Kifungu hiki cha pili kilikuwa kimetikiswa tangu miaka ya 1960 na msichana wa Alcamo, Sicily, Franca Viola, ambaye baada ya kutekwa na kijana mwenye uhusiano na Mafia alikataa kuolewa naye na badala yake akaenda mahakamani, jambo ambalo jamii yake haikulitarajia.

Riwaya ya Condon, Prizzi's Honor, ilichapishwa mwaka 1982. Hakuna haja ya kudai kwamba iliathiriwa moja kwa moja na mabadiliko hayo ya sheria ya Italia. Linalotosha ni kuona kwamba wakati dola la Italia lilipokuwa limekwisha kuacha kutambua mauaji ya heshima, mwandishi wa Marekani aliweka katika Brooklyn ukoo wenye asili ya Sicily ambao bado unayatambua, tena si kwa sababu ya wivu bali kwa sababu ya biashara. Katika Germi mume anasingizia heshima ili ampate amtakaye. Katika Condon na Huston mume anampoteza amtakaye kwa kuitii heshima. Kinaya kimegeuzwa upande wa pili, ila mwanamke anayekufa ni yule yule: mke.

Kisa na Hesabu Yake

Kisa kinastahili kufuatwa kwa makini, kwa kuwa kimejengwa kama hesabu. Charley Partanna (Jack Nicholson) amelelewa ndani ya ukoo wa Prizzi na ameapishwa kwa damu akiwa kijana. Katika harusi ya mjukuu wa Don Corrado Prizzi anamwona kanisani mwanamke aliyevaa rangi ya zambarau, naye anapagawa. Mwanamke huyo ni Irene Walker (Kathleen Turner), ambaye anasema kazi yake ni kuwashauri watu kuhusu kodi. Siku hiyo hiyo mtu mmoja anauawa mjini kwa amri ya ukoo. Baadaye inadhihirika kwamba aliyeua ni Irene, na kwamba harusi ilikuwa ushahidi wa wenye ukoo kuwa walikuwa kwingine.

Hesabu ya kwanza ni ya fedha. Dola 720,000 zimeibwa kutoka kwenye nyumba ya kamari ya ukoo huko Las Vegas. Charley anatumwa kumuua mmoja wa wezi, anamuua, kisha anagundua kwamba marehemu alikuwa mume wa Irene. Irene anatoa nusu ya fedha na kudai kwamba hajui kuhusu nusu nyingine. Charley anachagua kumwamini. Huu ndio wakati ambao filamu inauliza swali lake kwa uwazi zaidi, maana kwa Charley kumwoa Irene na kumuua ni njia mbili za kushughulikia jambo moja, naye anaomba ushauri juu ya zote mbili kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza bei ya gari.

Hesabu ya pili ni ya damu. Wakiwa wamekwisha kuoana, Charley na Irene wanashirikiana kumteka mkuu wa benki. Katika shughuli hiyo mlango wa lifti unafunguka katika ghorofa isiyo yake, mwanamke anatokea, na Irene anampiga risasi. Mwanamke huyo ni mke wa afisa wa polisi. Polisi, ambao hadi hapo walikuwa wakipokea chao na kunyamaza, wanazigeukia koo zote na kuzibana hadi muuaji apatikane. Biashara inasimama. Don Corrado, akiwa mzee aliyedhoofika ambaye William Hickey anamwigiza kama mtu aliyekwisha kufa isipokuwa macho, anazijumlisha hesabu zote mbili na kupata jawabu moja. Irene anadaiwa fedha na anadaiwa damu, na yeye si wa ukoo. Charley ataahidiwa uongozi wa ukoo. Kwanza amtoe mkewe.

Umuhimu wa mpangilio huu ni kwamba hakuna mhusika anayemchukia Irene. Angelo Partanna, baba yake Charley, anampenda mkwewe na kumheshimu kwa ufundi wake. Don mwenyewe anazungumza kwa upole. Kama Irene angeuawa kwa chuki, mtazamaji angepata mahali pa kuitupia lawama. Filamu inamnyima nafuu hiyo. Yanayomuua ni majumlisho ya daftari, na wanaolisoma ni wazee wenye adabu wanaokaribishana biskuti.

Kiswahili kinamsaidia mhakiki kuliona jambo hili, kwani neno mkataba linatumika kwa ndoa na kwa biashara pia. Katika lugha ya wahalifu wa filamu hii, kazi ya kuua nayo ni mkataba. Irene ana mikataba mitatu: ule alioufunga na mumewe mpya, ule wa kazi yake, na ule ambao Dominic Prizzi, mwana wa Don, anampa wa kumuua Charley. Ucheshi wa filamu unatokana na ukweli kwamba wahusika hawaoni tofauti ya aina baina ya mikataba hii. Wanaona tofauti ya malipo na ya muda tu. Hata upigaji picha unaiga utaratibu wa kibiashara. Kila mara mmoja wa wapenzi anaposafiri baina ya New York na California, ndege inakatiza kiwambo, mara ikielekea huku, mara kule, hadi safari za mapenzi na safari za mauaji zinafanana kabisa.

Muziki nao unachangia. Alex North aliuchota kwa wingi kutoka kwa Puccini, hususan opera fupi ya Gianni Schicchi iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1918. Opera hiyo inahusu jamaa wanaomzunguka maiti ili waughushi wasia wake, na ndani yake binti anambembeleza baba yake awasaidie ili yeye apate kuolewa na ampendaye. Mtazamaji anayeijua opera hiyo anasikia mapenzi. Anayekumbuka kisa chake anasikia pia wizi wa jamaa. Nyimbo tamu na hila ya ukoo zinasafiri pamoja, na North hakulazimika kuongeza kejeli yoyote juu yake.

Huston mbele ya Huston

Filamu ya kwanza aliyoielekeza Huston ilikuwa The Maltese Falcon ya mwaka 1941, iliyotokana na riwaya ya Dashiell Hammett. Mwishoni mwake mpelelezi Sam Spade anamkabidhi kwa polisi Brigid O'Shaughnessy, mwanamke ambaye huenda anampenda, kwa kuwa amegundua kwamba ndiye aliyemuua mshirika wake wa kazi. Spade anatoa sababu zake moja baada ya nyingine, kama mtu anayeorodhesha vitu dukani. Sababu ya msingi ni kwamba mtu wa kazi yake hawezi kuliacha jambo la aina hiyo lipite, hata kama mshirika aliyeuawa hakuwa mtu wa maana. Kwa miaka mingi wahakiki wameisoma tamati hiyo kama ushindi wa uadilifu wa upweke: mwanamume anayekataa kudanganywa na moyo wake.

Miaka 44 baadaye, Huston aliirudia hali ile ile. Mwanamume anagundua kwamba mwanamke anayempenda ni mwongo, mwizi na muuaji, ana kanuni inayomtaka amtoe, anamtoa. Tofauti iko katika nani anayeimiliki kanuni. Ile ya Spade ni yake mwenyewe, na anayepokea mhalifu ni sheria ya nchi. Ile ya Charley ni ya ukoo, na faida yake ni cheo. Tena Charley, tofauti na Spade, mikono yake ina damu zaidi ya yule anayemhukumu. Makosa yote ya Irene ni makosa ambayo Charley ameyatenda kama kazi tangu ujana wake, na kwayo amesifiwa.

Ikiwekwa kando ya ile ya mwaka 1941, filamu ya 1985 inaathiri namna ya kuisoma ile ya kwanza. Inamlazimisha mhakiki aulize kama orodha ya sababu za Spade haikuwa nayo ni hesabu iliyovikwa joho la heshima. Huston hakuwahi kulazimika kulisema jambo hilo. Alilionyesha kwa kukirudia kisa chake cha ujana mbele ya hadhira iliyokuwa inajua cha kwanza, akiwa mgonjwa wa mapafu na akiwa amebakiwa na filamu moja tu ya kuielekeza, The Dead ya mwaka 1987, mwaka aliofariki. Ni kweli kwamba alikuwa amejaribu kicheko katika uhalifu hapo awali, katika Beat the Devil ya mwaka 1953. Lakini walaghai wa filamu hiyo hawana ukoo wala kiapo, kwa hiyo hawana cha kusaliti.

Maerose: Ushindi wa Nani?

Usomaji wowote wa filamu hii unaoishia kwa Charley na Irene unamsahau mhusika mwenye akili kuliko wote. Maerose ni mjukuu wa Don Corrado na binti wa Dominic. Zamani alikuwa mchumba wa Charley. Kwa hasira alitoroka na mwanamume mwingine, na kwa aibu hiyo baba yake akamfukuza katika nyumba ya ukoo. Anajitokeza harusini amevaa gauni jeusi lenye kitambaa cha waridi kali kilichokatiza kifua, vazi linalotangaza maombolezo na uasi kwa pamoja, na baba yake anachukizwa nalo.

Kuanzia hapo Maerose anafanya kazi polepole. Anaenda Las Vegas na picha na kupata uthibitisho kwamba Irene alihusika katika wizi. Anampelekea babu yake habari hiyo, naye babu anamfungulia mlango wa nyumbani. Anamwambia baba yake kwamba Charley alimwingilia kwa nguvu, uongo unaomsukuma Dominic kuagiza Charley auawe. Dominic mwenyewe anauawa katika vurugu zinazofuata. Mwishowe, Irene akiwa amekufa, Charley anampigia Maerose simu kumwalika chakula cha jioni, naye anaipokea kwa furaha ya msichana aliyeposwa.

Wapo watakaomwona Maerose kuwa ushindi wa mwanamke dhidi ya mfumo wa kiume: amemwangusha baba aliyemfukuza, amemrejesha mchumba wake, na hakumwaga damu kwa mkono wake. Wengine watamwona kuwa picha ya kale ya mwanamke mwenye fitina. Misimamo yote miwili inapuuza njia anayoitumia. Maerose hashindi kwa kuipinga heshima ya Prizzi, bali kwa kuifahamu kuliko wanaume wanaoihubiri. Sheria iliyomfukuza ndiyo anayoitumia kumwondoa Irene. Anapomwambia Charley kwamba wizi na uuaji havimzuii Irene kuwa mke mwema katika mambo mengine, mtazamaji anacheka, na kicheko chake ni cha haki. Lakini maneno hayo yanatoka kwa mtu ambaye kosa moja la mapenzi lilimgharimu miaka ya kutengwa. Katika daftari la ukoo, kuua ni kazi na kutoroka na mwanamume ni aibu. Ni Maerose pekee aliyelipia jambo hilo kwa miaka ya maisha yake, na ndiyo sababu yeye pekee analijua vizuri kiasi cha kulitumia.

Methali ya Waswahili inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukoo wa Prizzi unamjua Maerose, kwa hiyo unamla na kumbakiza. Irene, ambaye jina lake la Walker limefupishwa kutoka la asili ya Kipolandi, hajulikani na zimwi hilo. Kuolewa hakukumfanya wa ukoo.

Mahakama na Kicheko

Inabaki kueleza kwa nini ramsa hii iliwezekana mwaka 1985. Sababu moja ni kufutwa kwa kanuni ya zamani. Kabla ya mwaka 1968 filamu isingeweza kumruhusu muuaji wa mkewe amalizie hadithi akipanga chakula cha jioni. Sababu ya pili ni hali ya magenge yenyewe. Sheria ya mwaka 1970 iliyojulikana kama RICO iliwapa mawakili wa serikali ya Marekani uwezo wa kuyashtaki makundi kama mashirika badala ya kumshtaki mhalifu mmoja mmoja. Mwezi Februari 1985, miezi minne kabla ya filamu kutoka, ofisi ya Rudolph Giuliani huko New York ilifungua mashtaka dhidi ya viongozi wa koo tano za mji huo kwa pamoja. Mmoja wa walioshtakiwa, Paul Castellano, aliuawa nje ya mkahawa mjini Manhattan tarehe 16 Desemba 1985, kwa njama ya watu wa ukoo wake. Wengine walipatikana na hatia mwezi Novemba 1986, na mwezi Januari 1987 wengi wao wakahukumiwa kifungo cha miaka 100 kila mmoja. Huko Palermo, kesi kubwa iliyowakusanya washtakiwa zaidi ya 400 ilianza mwezi Februari 1986, ikitegemea kwa kiasi kikubwa ushahidi wa Tommaso Buscetta, aliyekuwa mmoja wao.

Filamu haikuzisababisha kesi hizi wala haikuzitabiri. Lakini hadhira iliyoitazama ilikuwa ikisoma magazetini kwamba wenye heshima walikuwa wakirekodiwa kwa siri wakijadili asilimia zao za mikataba ya ujenzi, na kwamba kiapo cha ukimya kilivunjwa pale mtu alipoona faida ya kukivunja. Utukufu wa mwaka 1972 haukuweza kusimama mbele ya kanda hizo. Lugha ya familia na lugha ya daftari, ambazo The Godfather ilizitenga kwa mlango uliofungwa, sasa zilisikika katika chumba kimoja cha mahakama. Prizzi's Honor nayo iliziweka chumba kimoja, na chumba hicho ni cha kulala.

Humo ndimo kicheko kinapokatizwa. Katika nyumba ya Irene huko California wanandoa wanaagana kwa maneno ya mapenzi, kila mmoja akiwa amejiandaa. Irene anatokea na bastola; Charley anarusha kisu, nacho kinamkita shingoni. Tukio halidumu, wala halina mzaha. Kama filamu ingeishia hapo, ingekuwa tanzia iliyochelewa, na mtazamaji angetoka akiwa ametakaswa na huzuni. Huston hakuishia hapo. Aliongeza simu ya Charley kwa Maerose, akaurudisha wepesi wa mwanzo kana kwamba hakuna kilichotokea. Wepesi huo wa pili ndio hukumu ya filamu. Mtazamaji anayecheka tena anacheka akijua bei. Na asiyeweza kucheka tena amegundua kwamba alikuwa akicheka nini tangu mwanzo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Prizzi's Honor haiyafanyi mauaji kuwa mepesi, bali inaufichua wepesi ambao ukoo unao tayari, kwa kuufuata hadi hatua yake ya mwisho. Kipimo cha dai hili kinaweza kupatikana katika filamu zilizofuata. Katika Married to the Mob ya mwaka 1988, mjane wa mhalifu anaondoka katika ukoo na kuanza maisha mapya. Ramsa inapata mwanga kwa kuwa mlango wa kutokea upo. Katika Mr. & Mrs. Smith ya mwaka 2005, wanandoa wote wawili ni wauaji walioagizwa kuuana, na wanapatana katikati ya risasi. Upatanisho huo uliwezekana kwa kuwa waajiri wao ni mashirika yasiyo na babu, kiapo wala biskuti. Hakuna anayewadai heshima, kwa hiyo wanadaiwa utii wa kikazi tu, na kazi inaweza kuachwa.

Charley hana cha kuacha. Anarudi Brooklyn kama mwenda tezi na omo anavyorejea ngamani, na marejeo hayo yanamgharimu mtu pekee aliyemchagua mwenyewe. Mhakiki anayetaka kuitafsiri anwani ya filamu hii atalazimika kuamua kuhusu neno heshima. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, heshima ni kitu apewacho mtu na wenzake kwa jinsi anavyowatendea. Ile ya Prizzi haitolewi na mtu yeyote wala haitegemei utendaji, hudaiwa tu. Tafsiri iliyo karibu zaidi na kisa, ingawa haina uzuri wa anwani, ingekuwa Deni la Prizzi.